Bunduki ya Pampu ya Ng'wana Mayige

Jumatatu, 10 Julai 1995. Migato.

Nimeanza daftari hili leo. Watu waliofanikiwa huandika kumbukumbu zao wakiwa wazee, wakati wameshasahau mwanzo ulivyokuwa. Mimi nitaandika kabla.

Jina: Domitila Mayige. Umri: miaka kumi na minane. Elimu: kidato cha nne, nimemaliza mwaka jana. Matokeo: F saba na D moja. D ni ya Fizikia. Kwa hiyo njia yangu inajulikana.

Habari ya leo. Kampuni mpya ya kununua pamba imeleta lori gulioni na kutangaza mashindano ya ngoma, Jumamosi ya tarehe 22. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua pamba, wanunuzi wanatubembeleza kama wachumba. Zawadi ni fahali. Atakayekuwa na watazamaji wengi filimbi ikilia saa kumi kamili, fahali ni wake.

Baba ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Bagalu hapa kijijini. Upande wa Bagika, wapinzani wetu wa jadi, ningi ni Mzee Shigela. Wanacheza uwanja mmoja, kila mmoja na duara lake, na watu huenda wanakovutwa. Mwaka juzi walivutwa kwa Shigela. Mwaka jana pia. Kwa baba walibaki watu kumi na wawili. Wanne ni shangazi zangu. Mmoja alikuwa amelala.

Leo wakati wa kula nimemsikia baba akimwambia mama kwamba akishindwa mara ya tatu anaivunja ngoma. Ngozi atawapa vijana wakawambie viti. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza jembe liko wapi. Mama akaendelea kupakua mboga. Mama huwa anajibu kila kitu.

Sitakubali. Nimefikiri huku nikiosha vyungu, na kabla ya chungu cha tatu nimepata jibu. Bunduki!

Si ya risasi. Ya upepo. Kibuyu kitatundikwa kwenye mlingoti katikati ya duara la baba, tako limekatwa na kuzibwa kwa karatasi, ndani kimejaa pamba. Wimbo ukipanda, bunduki inalia, karatasi inachanika, pamba inawamwagikia wachezaji kama mvua. Uwanja mzima unakimbilia kwetu. Shigela ana nini? Kipaza sauti cha betri ya gari. Na binti yake Winnie.

Tatizo moja tu. Mpigaji lazima asimame mbele za watu, na mimi siwezi kusimama mbele za watu. Shuleni nikiitwa ubaoni chaki ilikuwa inalowa mkononi. Hili ni jambo dogo. Litapangwa baadaye.

Jumatano, 12 Julai.

Gulio. Nimekwenda kwa Marcelo, fundi baiskeli. Chini ya meza yake pana rundo la pampu zilizokufa, zile mpya zinazong'aa, ambazo zimejaa kila mahali tangu bidhaa za nje ziachiliwe. Zinaishi wiki mbili. Lakini ukutani ilining'inia moja ya zamani, ya chuma, nzito, yenye ngozi ndani. Moyo ulinidunda.

Kwenye benchi walikaa wanaume sita wakingoja kuzibiwa pancha. Wote waliniangalia. Marcelo akauliza nataka nini. Nikafungua mdomo. Neno pampu lilikuwepo, nililiona kabisa, ila halikutoka. Nikasema kengele.

Nimerudi na kengele. Mayai manne yamekwenda. Baiskeli ya baba sasa ina kengele mbili.

Alhamisi, 13 Julai.

Mbinu mpya: barua. Tulifundishwa kuandika barua rasmi na nilikuwa naipenda kwa sababu haihitaji sauti. Nimeandika anuani mbili, tarehe, na katikati, kwa herufi kubwa, YAH: OMBI LA PAMPU YA CHUMA. Nikaeleza kwamba mimi ni mwananchi mwenye nia njema. Nikaiweka mezani kwa Marcelo alipogeuka, nikajificha nyuma ya banda.

Sikufikiria kwamba Marcelo hasomi vizuri. Alimpa mteja. Mteja aliisoma kwa sauti kwa benchi zima, kisha akaombwa arudie. Ukafuata mjadala. Mmoja alisema hii ni serikali, wanahesabu pampu ili wazitoze ushuru. Mwingine alisema serikali haiwezi kuandika "kwa unyenyekevu mkubwa". Mimi nyuma ya ukuta wa mabua nilikuwa nimeacha kupumua.

Marcelo akasema, bila hata kuinua kichwa, "Ng'wana Mayige, njoo uchukue pampu yako. Kandambili zinaonekana."

Hakutaka mayai. Alisema barua imetosha, benchi halijacheka hivyo tangu masika. Nimesema wabeja, yaani asante, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Ijumaa, 14 Julai.

Siku ya ujenzi. Niandike kila kitu, ili wengine waje kujifunza.

Pampu ndiyo kifua cha bunduki. Mpini wake unavutwa nyuma na kuzuiwa kwa msumari. Springi mbili za tandiko la baiskeli bovu zinausukuma mbele kwa nguvu. Msumari unatolewa na waya wa breki, na mkono wa breki ndio kifyatulio. Kitako nimechonga kwa mwarobaini. Kimepinda kidogo, lakini na mimi bega langu limepinda.

Mtutu ulinisumbua. Unatakiwa uwe bomba jembamba, lililonyooka, laini ndani. Nimezunguka nyumba nzima. Kitu kama hicho kipo kimoja tu: mti wa mwavuli wa mama wa kwenda kanisani. Nimeuazima. Mahali pake nimechomeka bua la mtama na kulifunga kwa uzi mweusi. Ukiukunja mwavuli huwezi kujua.

Majaribio nyuma ya zizi. Choroko: nikiinamisha mtutu inateremka yenyewe na kuanguka. Karanga: ilinasa, nikaitoa kwa mwiba. Punje ya mahindi: ilitoka. Iliangukia kidole changu cha mguu. Mlio ni wa mbuzi anayekohoa.

Matokeo: sifuri kwa kumi. Si mbaya kwa siku ya kwanza.

Jumapili, 16 Julai.

Mwavuli umefunguliwa.

Ni baada ya misa, jua kali, mama akiongea na katekista mlangoni. Bua likavunjika katikati. Mwavuli ukamshukia katekista kichwani mpaka mabegani. Yeye ni mtu mpole sana. Aliendelea kumuulizia mama hali ya nyumbani akiwa humo humo ndani.

Mama alilitazama bua muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nikakohoa. Akasema tutaongea nyumbani, lakini nyumbani hakuongea, alinionyesha tu jiwe la kusagia na debe la mtama.

Faida ya kusaga ni kwamba kichwa kinabaki huru. Kufikia nusu debe nilikuwa nimegundua: upepo unavuja. Unavuja pale pampu inapokutana na mtutu, na unaipita punje pembeni. Ngozi ya ndani imekauka, inataka samli. Maungio yanataka nta ya nyuki na ukanda wa tyubu. Na risasi inataka kitu kinachoziba mtutu chenyewe, bila kunasa. Kitu hicho ni nini sijui bado. Mikono inaniuma.

Jumatatu, 17 Julai.

Mbegu ya pamba!

Nilikuwa nimeketi juu ya magunia nikinyofoa pamba bila kuwaza. Ukitoa nyuzi zote, mbegu inabaki na manyoya mafupi kama kifaranga. Manyoya yale yanajaa kwenye mtutu sawasawa. Upepo haupiti. Nikavuta, nikabana breki. Mbegu ilitoboa jani la mlonge! Nimekaa chini nikacheka peke yangu. Tumezaliwa juu ya pamba, tunalala karibu na pamba, na hakuna aliyewahi kujua kwamba mbegu yake imeumbwa kuwa risasi.

Nne kwa kumi.

Hapo ndipo Winnie wa Shigela akapita. Anakaa kwa shangazi yake Mwanza, yuko likizo, amevaa suruali ya jinzi ya mitumba na viatu vyenye visigino, kwenye njia ya ng'ombe. Tulikaa dawati moja darasa la tano. Aliuliza hicho ni nini. Nikasema pampu ya kunyunyizia dawa ya pamba.

"Pamba imeshavunwa, Domi," alisema. "Unamnyunyizia nani, mbuzi?"

Akasema Jumamosi yeye ndiye atakayeimba kwenye kipaza sauti. Kisha akaongeza, si kwa ubaya, kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Njoo tu upande wetu. Kwenu atavuta nani? Baba yako na kifua chake kile cha kukohoa?"

Jibu zuri lilinijia baada ya saa mbili. Naliandika hapa litumike siku nyingine: "Kifua cha baba kimeimba kabla betri haijabuniwa." Sina hakika kama ni kweli kwa tarehe.

Jumatano, 19 Julai.

Tisa kwa kumi, hatua kumi, shabaha ni karatasi ya ukubwa wa sahani. Samli imefanya kazi. Mtu mwenye busara angeishia hapo.

Nikaona ipendeze. Kwanza darubini, kwa kopo la maziwa lililotobolewa. Uzito wake uliinamisha mtutu: mbili kwa kumi. Nikaitoa. Kisha mkanda wa kuning'inizia begani, wa tyubu. Ukivutika, unavuta waya wa breki, na bunduki inajipiga yenyewe: kuku mmoja amehama boma. Nikautoa. Kisha rangi nyeusi, ya masizi na mafuta. Mama aliniona shavu na kuuliza nimeungua wapi. Nikaifuta. Mwisho nikafunga simbi tatu kwenye kitako, kama za wachezaji. Hazikuharibu chochote. Tisa kwa kumi tena. Jumla ya kazi ya siku nzima: simbi tatu.

Alasiri wazee wa ngoma walikuja. Wanataka tukamwite mganga kutoka Sola mwenye dawa ya kuvuta watu. Baba alikataa. Alisema dawa ile ile waliitumia mwaka jana na ilivuta nzi. Walicheka wote, halafu baba akaanza kukagua ngozi ya ngoma moja kwa kidole, hapa na pale, kama mtu anayemgusa ng'ombe anayekwenda kuuzwa.

Walipoondoka nilimfuata. Nikamwambia ninacho kitu cha Jumamosi. Akauliza kitu gani. Nikasema kitu. Nikamwomba atundike kibuyu changu kwenye mlingoti na asiulize. Alinijibu, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ya kumjibu mtu mwenye homa. Lakini amekubali.

Ijumaa, 21 Julai.

Lile jambo dogo limefika.

Nimekwenda uwanjani kupima. Hatua kumi kutoka kwenye mlingoti ni katikati ya watu kabisa. Nilisimama hapo, uwanja ukiwa mtupu, akiwepo mbuzi mmoja tu. Alinitazama. Viganja vikalowa.

Mahali ambapo hakuna atakayeniona ni nyuma ya marobota ya pamba, ubavuni mwa lori la kampuni. Kutoka pale mpaka mlingotini ni hatua arobaini. Nilijaribu kwa hatua kumi. Aibu yangu inahitaji arobaini.

Hapa Fizikia inasaidia. Umbali umezidi mara nne, basi nguvu izidi mara nne. Springi zilikuwa mbili, nimezifanya nane, na kuzifunga kwa waya. Mpini sasa navuta kwa miguu yote miwili nikiwa nimelala chali. Sijaijaribu. Kitu kinachoaminika hakijaribiwi. Kukijaribu ni kukidharau.

Jumamosi, 22 Julai.

Naandika kwa mfuatano wa saa, nisije kuruka kitu.

Saa nane ngoma zilianza. Saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Winnie aliimba kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mashamba. Watu wakaanza kumiminika kule. Kwa baba niliwahesabu kupitia upenyo wa marobota: thelathini, ishirini na mbili, kumi na saba. Baba aliimba na kifua chake kile. Kila alipopumzika kuvuta pumzi alitazama juu, kwenye kibuyu.

Karani wa kampuni, Novatus, alikuwa amesimama juu ya lori na saa mkononi na filimbi mdomoni. Chini yake, hatua tatu kutoka nilipojificha, alifungwa fahali wa zawadi. Fundo lilikuwa la mtu wa mjini. Niliona hivyo na sikusema kitu, maana ningeanzaje kusema na watu nisiowajua.

Saa kumi kasoro dakika tatu. Wimbo ulipanda. Nikalala chali, nikavuta kwa miguu, nikageuka, nikalenga karatasi, nikabana breki.

Haikulia.

Nikabana tena. Kimya. Nikaigeuza kuangalia msumari. Ikalia! Haikukohoa kama mbuzi, ililia kama bati linalong'olewa na upepo. Mtutu wakati huo ulikuwa umeelekea kwenye sikio la fahali.

Sitaki kueleza sana. Fundo lilifunguka lenyewe. Fahali alipita katikati ya duara la Shigela, kipaza sauti kikaenda naye kwa muda, kisha akatokomea kuelekea kwenye lambo akiburuta kamba.

Sasa baba. Baba ni ningi, lakini kabla ya hapo ni mfugaji. Aliona fahali anakimbia na kamba. Akasahau wimbo, akasahau mashindano, akaweka mikono mdomoni na kupiga mwano, yowe lile la wizi wa ng'ombe ambalo kila mtoto wa Kisukuma analijua. Na sheria ya sungusungu ni moja: ukisikia mwano, unakimbilia ulipopigwa. Usipokwenda unaadhibiwa kama mwizi. Basi wakaja wote. Watazamaji, wapiga ngoma wa Shigela, wauza maandazi, Shigela mwenyewe na rungu lake, Winnie ameshika viatu mkononi. Watu mia tano wakamzunguka baba wakiuliza wapi, wapi.

Saa kumi ikatimia. Novatus, mtu wa Dar, akapuliza filimbi, akatazama. Kwa Mayige: watu wote. Kwa Shigela: mzee mmoja mwenye mguu mbaya.

Akatutangaza washindi.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Shigela alimtazama baba, akasema kitu kimoja tu: "Mayige. Kwa mwano?"

Bunduki ipo chini ya kuni. Sijala.

Jumapili, 23 Julai.

Sungusungu wamekaa leo baada ya misa, mbele ya ghala la pamba. Kijiji kizima. Mtemi wao ni Mzee Sayi, mwenye kofia ya manyoya na upinde magotini. Fahali alipatikana jana hiyo hiyo, anakunywa maji. Hakuna mwizi. Kwa hiyo kosa lililobaki ni la baba: kupiga mwano wa uongo, dakika moja kabla ya filimbi, ili avute watu.

Baba alieleza mara moja tu. Aliona ng'ombe anakwenda na kamba. Mtu angefanya nini? Wazee walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba mwano si ngoma, mwano ukichezewa siku ng'ombe wakiibwa kweli hakuna atakayetoka. Hakuna aliyeweza kubisha. Adhabu ikapendekezwa: ng'ombe mmoja, na ngoma ya Mayige isikanyage uwanja wowote misimu mitatu.

Misimu mitatu. Baba ana miaka sitini na moja.

Niwe mkweli, daftari hili halisomwi na mtu. Nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa nyuma ya mama, nyuma ya akina mama wote, hakuna aliyejua. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikamwona baba. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama mikono yake, ile aliyoiweka mdomoni, anaigeuza huku na huku, kama hana hakika tena aliona nini.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa nimesimama tu, kama mtu anayekwenda chooni. Nikarudia. Mama akanivuta kanga. Mzee Sayi akainua mkono, watu wakanyamaza, wote wakageuka kunitazama.

"Sema, mayu," alisema, kama mtu anayemwita mama yake. "Tunakusikiliza."

"Nilimpiga fahali sikioni kwa mbegu ya pamba."

Mtu mmoja alianza kucheka, wengine wakafuata, lakini Mzee Sayi hakucheka. Alisema maneno hayatoshi, silaha iletwe. Nikaenda kuileta. Nilieleza kila kitu: pampu, mwavuli, samli, kibuyu, springi nane. Nilieleza nikitazama vidole vyangu vya miguu. Mama aliposikia mwavuli alisema "Aha."

Wakataka waone inavyopiga. Nikalala chali mbele ya kijiji kizima nikavuta kwa miguu. Nikabana. Ikakohoa, mbegu ikaangukia kidole kile kile. Nikabana mara ya pili, hakuna kitu. Watu wakaguna. Mzee Shigela akasema binti anamkinga baba yake, dude hili haliwezi kumwamsha hata nzi. Nikavuta tena, nikampa Mzee Sayi ajionee mwenyewe kwamba inafanya kazi. Alipoipokea tu ikalia. Kofia ya manyoya ilianguka nyuma yake.

Mzee Sayi alijipapasa kichwa. Akasema ushahidi umetosha.

Hukumu. Baba hana kosa. Mashindano yarudiwe Jumamosi. Mimi nitawapikia sungusungu ugali vikao viwili, watu arobaini. Bunduki inabaki kwao, imetundikwa pamoja na mishale waliyowanyang'anya wezi, na imeandikwa katika daftari lao: silaha, moja. Nililiona neno hilo mwenyewe.

Baada ya hapo nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa peke yangu mpaka watu wakaisha.

Jumamosi, 29 Julai.

Asubuhi baba aliniambia nisimame leo ndani ya duara, karibu na ngoma kubwa. Nisifanye chochote. Ningekataaje?

Saa nane, kabla hata ngoma hazijakazwa vizuri motoni, watu walikuwa wameshafika. Wengine wametembea kutoka Mwamapalala. Nilisikia wanaulizana yuko wapi yule wa fahali. Nikasogea nyuma ya ngoma. Ngoma ikasogezwa.

Baba ametunga wimbo wiki hii bila kuniambia. Ni wa msichana aliyemlenga fahali kwa mbegu ya pamba, na katekista yumo, na kofia imo. Kila ubeti unaisha kwa swali: ni nani huyo? Halafu ngoma zinakatwa ghafla, wote wananitazama, na mimi ndiye natakiwa kujibu.

Mara ya kwanza sikuweza. Mara ya pili nilisema, "Ni mimi," na haikufika hata kwa mpiga ngoma. Watu wa nyuma wakauliza amesemaje. Wakasogea. Mara ya tatu wakatulizana wenyewe kwa wenyewe, shii, shii, ili wasikie. Upande wa pili kipaza sauti kilikuwa kinaunguruma, na kwetu watu mia wameinamisha vichwa wakingoja sauti ndogo. Waliokuwa kwa Shigela wakaona kimya kile wakadhani kuna jambo. Wakaja. Kila ubeti duara liliongezeka. Mara ya sita nilisema, na wakacheka wote kwa pamoja, na nikagundua kwamba na mimi nacheka.

Saa kumi kasoro robo Winnie alitokea mstari wa mbele, ameacha kipaza sauti chake. Akasema, "Domi, rudia, sikusikia." Ni uongo, alisikia.

Novatus alihesabu mara mbili. Fahali ni wetu. Ana kovu dogo sikioni.

Njia nzima baba alikuwa anaimba ule wimbo kwa pua.

Jumapili, 30 Julai.

Leo baba ameongea. Tulikuwa zizini tunamtazama fahali, ambaye hanitazami mimi.

"Bunduki haikuwepo, Domitila," alisema. "Watu walikuja kukusikiliza wewe."

Nimemwitikia kwa heshima. Moyoni nimemhurumia. Baba ni msanii mkubwa, lakini hajasoma sayansi. Watu hawatembei kutoka Mwamapalala kuja kumsikia msichana akisema maneno mawili. Walikuja kuona bunduki. Walingoja mpaka saa kumi, kwa uvumilivu mkubwa, na hawakuiona. Nimeona aibu kwa ajili yao.

Mwezi ujao Bagalu wanaalikwa Sola. Ngoma haivunjwi, baba ameshaagiza ngozi mpya, na safari hii sitawaangusha. Nyuma ya shule pana kisima kilichokauka, na bomba lake limelala tu kwenye nyasi. Chuma, inchi nne, urefu hatua tatu. Nimelipima kwa kamba. Litahitaji springi za trekta. Si bunduki tena, ni mzinga. Kwa springi za trekta ninaweza kukaa hatua mia moja kutoka uwanjani, ndani ya mtama, nimelala.

Hakuna atakayejua kwamba ni mimi.